Mnong'ono Ndani ya Mashine

Kitu kikishaingia mvunguni mwa kitanda hakitoki kwa kuitwa. Unaweza kusimama mlangoni ukakiamuru, ukakibembeleza, ukamtuma mwenye mkono mrefu kuliko wako. Mwisho wa yote utapiga goti, utaweka shavu karibu na sakafu na kuvuta vumbi puani. Hayo waliyaona waliotuachia methali isemayo kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maana yake haina ugumu: anayetamani jambo lililofichika hana budi kuikubali taabu yake. Lakini kuielewa methali ni jambo moja na kuitii ni jambo lingine. Irine wa Nyantakara aliielewa tangu akiwa darasa la tano, akaiandikia insha na kupewa alama nzuri, kisha akaishi kana kwamba methali hiyo iliwahusu watu wasio na kompyuta.

Irine alizaliwa Mbuba, wilayani Ngara, akaolewa Nyantakara, wilayani Biharamulo, ambako watu walimwita Mama Joan kwa jina la mwanawe. Hapo Nyantakara alikuwa na duka la steshenari kando ya barabara. Ndani yake mlikuwa na mashine kuukuu ya fotokopi, printa moja na kompyuta moja ya mezani ambayo ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa biashara. Irine alichapa barua za maombi ya kazi, mitihani ya shule za jirani na ratiba za mazishi. Zaidi ya yote aliwaingizia watu nyimbo kwenye simu na memori kadi zao. Kila aliyepita aliacha kitu ndani ya kompyuta ile: kwaya, mahubiri, picha za harusi, matangazo ya mnada. Irine hakuwa mtu wa kupanga. Vitu vyote alivirundika mahali pamoja, na aliyemshauri avipe majina na kuvitenga alijibiwa kwa kicheko.

"Ya nini kujichosha? Kompyuta inajitafutia yenyewe."

Baba yake, Mzee Frednand, alikuwa mpiga inanga. Kwa asiyeijua, inanga ni ubao mrefu uliochongwa ukawa na tumbo kama sinia, ukatandazwa nyuzi juu yake. Mpigaji huilaza mapajani, na kwa kuwa sauti yake ni ndogo, haiimbiwi kwa kupaza koo. Huimbiwa kwa mnong'ono. Mzee Frednand alipokuwa akipiga, aliyetaka kumsikia ilimpasa asogee, anyamaze, amwinamie. Watoto wa Mbuba walimtania kwamba anaimba siri. Naye aliwajibu kwamba inanga haigombani na kelele. Kelele ikija, inanga huondoka zake.

Mzee huyo alifariki dunia wakati wa mavuno ya kahawa. Tangu siku alipozikwa, Irine hakukanyaga Mbuba tena. Kila alipoulizwa alisema kazi zimembana, ila ukweli ulikuwa mwingine. Alimpenda baba yake mno, na hakuweza kustahimili kukiona kigoda chake kikiwa kitupu. Alimkumbuka asubuhi akifungua duka na jioni akilifunga. Kuna nyakati alimkumbuka katikati ya kuchapa barua ya mtu mwingine, vidole vikasimama juu ya herufi na mteja akadhani umeme umekatika.

Siku moja kaka yake, Alfonce, alimpigia simu kutoka Mbuba.

"Dada, ukoo umekaa. Jumamosi ile ya mwisho kabla ya Majilio tunamaliza msiba wa mzee. Pombe ya ndizi tutaanza kuiandaa wiki hiyohiyo."

Irine alijua maana ya maneno hayo. Kwa desturi ya ukoo wao, mpiga inanga akifa, nyuzi za inanga yake hulegezwa na chombo hugeuzwa kuuelekea ukuta. Siku ya kumaliza msiba, kabla ya kukazwa tena na kukabidhiwa mrithi, wimbo mmoja wa marehemu lazima usikike nyumbani. Usiposikika, husemwa kwamba wimbo huo umezikwa na mwenyewe, na inanga hukabidhiwa ikiwa bubu.

"Mama anautaka wimbo upi?" Irine aliuliza.

"Ule wa Kasulo. Na hakuna hata mmoja wetu anayeujua."

Wimbo wa Kasulo ulikuwa na kisa chake. Zamani, Bi Domisiana, mama yao, aligombana na mumewe akarudi kwao Kasulo na mtoto mgongoni. Mzee Frednand hakutuma washenga. Aliibeba inanga yake, akaenda kwa miguu, akaketi uani kwa wakwe zake, akaanza kunong'ona wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Bi Domisiana alisimama mlangoni amekunja uso kama ngozi iliyoanikwa. Mwishowe alitoka, na siku iliyofuata wakarudi Mbuba pamoja. Tangu hapo mzee aliupiga wimbo ule kwa nadra, tena kwa sauti ya chini mno, na hakumfundisha mtu.

Ghafla Irine alikumbuka kwamba baba yake alipokuja kumtembelea Nyantakara miaka kadhaa iliyopita, aliupiga wimbo huo humu humu dukani, na yeye aliurekodi kwa simu. Simu ile ilishakufa, lakini kabla haijafa vitu vyake vyote alivihamishia kwenye kompyuta.

"Mpe Mama simu," alisema huku akihema. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nilimrekodi Baba. Akiimba ule wa Kasulo."

Mama yake aliuliza kwa sauti ndogo, "Yupo?"

"Yupo, Mama. Yupo ndani ya kompyuta. Nitamtafuta, ni suala la dakika tu."

Maskini Irine! Alikuwa ameahidi dakika asizokuwa nazo. Aliandika "baba" kwenye kisanduku cha kutafutia, zikamjia barua za watu walioomba kazi kwa sababu baba zao ni wagonjwa. Aliandika "Frednand", ikamjia ratiba ya mazishi aliyoichapa mwenyewe kwa macho yaliyojaa machozi. Aliandika "inanga", "Mbuba", "Kasulo", akaambulia patupu. Sauti ile hakuwahi kuipa jina. Simu ilikuwa imeibandika namba tu, na namba hizo Irine hakuzijua.

Mtu mwingine angeanza kufungua faili moja baada ya jingine. Irine alimwita fundi Ndassa.

Ndassa alikuwa kijana wa Kisukuma mwenye kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta, mchangamfu, mwenye ulimi uliopakwa asali. Alisikiliza, akatikisa kichwa kama daktari aliyeona ugonjwa mwepesi.

"Mama Joan, kitafutaji ulicho nacho ni cha zamani. Kuna programu inayojibandika hapa chini, yenyewe inatafuta mpaka ndani ya faili. Nikuwekee?"

"Weka."

Aliiweka. Siku iliyofuata haikuwa imeleta chochote, akaweka ya pili, inayopekua kwa tarehe na ukubwa. Ikafuata ya tatu, iliyojisifu kwamba inatambua muziki. Irine naye, kwa kiu yake, akaongeza ya nne aliyoiona ikitangazwa mtandaoni. Sasa kioo cha kompyuta kilikuwa na vitafutaji vinne vilivyopangana, kila kimoja na kijiduara kinachozunguka, na Irine alivitazama kwa matumaini kama mama mwenye wana wanne shambani.

Asichokijua ni kwamba programu za namna hiyo hazitafuti kwanza. Kwanza husoma kila kitu kilichomo na kujiandikia orodha, ili baadaye zikiulizwa zijibu upesi. Basi zote nne zilianza kusoma kwa pamoja, kuanzia kwaya mpaka mitihani ya darasa la saba. Mbaya zaidi, ya kwanza ilipoandika orodha yake, ya pili iliiona kuwa ni kitu kipya ikaanza kuisoma. Ya tatu ikasoma maandishi ya ya pili, na ya kwanza ikarudi kusoma maandishi ya zote. Zilikuwa zikitwanga maji kinuni, na kinu chenyewe kilikuwa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta ile ya zamani.

Prosesa ikalemewa. Mshale wa kipanya ukawa unatambaa. Ukibonyeza herufi, ilikuja kuonekana baada ya kuvuta pumzi. Ndani ya sanduku la kompyuta feni ilianza kuvuma kwa nguvu, na kuanzia asubuhi hadi jioni duka zima lilisikika kama lina mashine ya kukoboa mpunga. Wateja walizungumza kwa kupaza sauti.

Bi Rozina, jirani aliyekuja kuchapisha mwaliko wa kipaimara cha mwanawe, alisubiri mpaka akaanza kusuka ukili.

"Mama Joan," alisema, "kwa mwendo huu Baba Askofu atafika, atawapaka watoto mafuta na kuondoka, na mwaliko wangu haujatoka."

"Vumilia, dada yangu. Inatafuta kitu."

"Inatafuta nini siku zote hizi?"

Irine angesemaje? Angesema inamtafuta baba yangu? Bi Rozina alikunja ukili wake, akaenda kuchapisha kwingine, na hakuwa peke yake kufanya hivyo.

Kumbe katikati ya zogo hilo, kitafutaji cha tatu kilikuwa kimemletea Irine rundo la sauti zisizo na majina. Alizifungua kwa pupa, kila moja akiipa sekunde chache. Alisikia kwaya, mhubiri, mnadishaji wa ng'ombe, jogoo. Moja ilikuwa haina kitu. Aliongeza sauti hadi mwisho, bado akasikia uvumi tu, na hakujali kama ulikuwa wa faili au wa feni.

"Uchafu mtupu," alinong'ona, akaitupa kwenye kapu la taka la kompyuta pamoja na nyingine nyingi, akidhani anaipunguzia mashine mzigo.

Bi Domisiana alipiga simu. "Umempata?"

"Bado, Mama. Mashine inaendelea kutafuta."

"Njoo nyumbani, mwanangu. Maharage yameota magugu. Tupalilie wawili, tuzungumze. Huenda nikakumbuka ilikuwa lini."

"Mama, nikija huko nani atakaa na mashine?"

Alipiga tena baada ya siku kadhaa, akajibiwa yaleyale. Halafu hakupiga tena. Aliyepiga safari hii alikuwa Alfonce.

"Dada, nakuambia kama kaka yako. Mama haulizi tena habari ya wimbo. Nikiutaja anainuka na kwenda jikoni. Kama haupo, mwambie haupo, alie yaishe."

Mchana uleule, wakati Irine akikodolea macho vijiduara vinne vinavyozunguka, kompyuta ilitoa joto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi, feni ikapiga kelele ya mwisho, na kioo kikawa cheusi. Ndassa alikuja mbio. Alipofanikiwa kuiwasha, alifungua dirisha linaloonyesha kazi za mashine. Prosesa ilikuwa asilimia mia moja, na juu ya orodha walijipanga wale wana wanne wa Irine, wakinyang'anyana.

"Imechoka," Ndassa alisema, safari hii bila asali. "Inafanya kazi ya kuvitafutia vitafutaji. Labda ununue mpya."

Irine alikaa kwenye benchi la wateja akalia. Hakulia kwa ajili ya kompyuta. Alilia kwa kuwa alimwambia mama yake kwamba baba yupo, na sasa ilikuwa kana kwamba amemuua mara ya pili kwa mikono yake. Juu ya mlango, palipokuwa na msalaba mdogo, alikiona kijitawi kikavu cha mtende kilichochomekwa hapo zamani. Alikuwa amekiona kila siku bila kukitazama. Alijifuta uso, akafunga duka, akapiga moyo konde kwenda Mbuba.

Alishuka Kasulo, akachukua bodaboda kwa safari iliyobaki. Migomba ilikuwa palepale, na mwisho wa njia uani palikuwa na kigoda. Ndani ya nyumba inanga ilikuwa imeegemezwa ikiutazama ukuta, nyuzi zikining'inia. Irine aliegemea mwimo wa mlango, machozi yakamtoka kwa wingi. Mama yake hakumwambia anyamaze. Alimpa jembe.

"Vua hivyo viatu vya dukani. Maharage hayapaliliwi wima."

Waliinama chini ya migomba, mama na binti, wakipalilia kwa kwenda sambamba. Kiuno cha Irine, kilichozoea kiti cha dukani, kilimuuma vibaya. Mama yake alikuwa mzee, lakini alikuwa mbele. Halafu, jembe likiendelea, Bi Domisiana akaanza kusema kana kwamba anazungumza na ardhi.

"Alipokuja kwako ulikuwa mwaka wa mnyauko. Migomba hii yote uionayo ni mipya. Ile tuliikata tukaichoma. Alinuna wiki nzima. Nikamwambia, nenda ukamwone Irine, utanimalizia nyumba kwa kununa."

"Nakumbuka alikuja amekonda."

"Alikuja na kijitawi cha mtende mfukoni. Tulikuwa tumetoka kwenye Dominika ya Matawi, padri amevibariki. Akasema hiki ni cha duka la mwanangu."

Irine alisimamisha jembe. Kile kijitawi juu ya mlango!

"Kwa hiyo ilikuwa Wiki Kuu, Mama? Aliimba Wiki Kuu, wiki isiyopigwa muziki?"

Bi Domisiana alicheka kwa mara ya kwanza tangu Irine afike. "Alirudi akaniungamia mimi badala ya padri. Nikamwambia usihofu, kwa jinsi unavyoimba, Mungu mwenyewe hakusikia." Kisha akainamia magugu. "Hata mimi, ule wa Kasulo, niliposimama mlangoni sikusikia neno. Niliona midomo tu ikicheza. Ilibidi niende nikainame mbele yake. Mwanangu, nautamani. Kila asubuhi naamka nikiwa na kipande chake mdomoni, nikitaka kukiimba kinapotea."

Irine alimkumbatia pale pale kwenye matuta, mikono yao ikiwa na udongo. Walimaliza shamba ndipo akaondoka.

Alipofika Nyantakara alimwita Ndassa hata kabla ya kufungua madirisha.

"Fundi, viondoe."

"Kipi?"

"Vyote vinne."

Ndassa aliviondoa kimoja kimoja. Cha nne kilikuwa king'ang'anizi. Kila kompyuta ilipowashwa upya kilikuwa kimerudi, kama mgeni aliyeagwa akakumbuka kwamba hajala. Kilipotoka kabisa, prosesa ilishuka, sanduku likapoa, na feni ikanyamaza. Irine alishtuka kwa ukimya ule. Aliwasikia kuku wa jirani. Alisikia Bi Rozina akipita barabarani akimsalimia mtu.

"Umenisamehe?" Ndassa aliuliza.

"Wewe ulileta nilichokuagiza. Nenda tu, hapa pamebaki pangu."

Mwaka wa mnyauko aliujua, na Dominika ya Matawi ya mwaka ule aliipata kwenye kalenda. Akaanza kazi aliyoikwepa tangu mwanzo. Alilipekua rundo lote kwa tarehe, faili baada ya faili, bila kuruka. Macho yalimwasha, mgongo ukarudia maumivu ya shambani. Alizipata picha za wiki ile, akaipata mitihani ya wiki ile, ila sauti hakuna. Pale palipostahili kuwa na wimbo palikuwa na pengo.

Polepole, akiogopa hata kufikiri, alifungua kapu la taka. Vitu alivyovitupa vilikuwa mamia, vimechanganyika ovyo. Alivipitia kimoja kimoja akisoma tarehe. Karibu na chini kabisa akaiona: namba tupu, Jumatatu ya Wiki Kuu, mwaka wa mnyauko. Ilikuwa ile aliyoiita uchafu.

Aliirudisha mahali pake. Spika yake ilikuwa sakafuni chini ya meza, kwa kuwa juu meza ilijaa karatasi. Irine alifunga mlango, akazima printa na fotokopi, akaibonyeza sauti ile. Alisikia mvumo mwembamba. Hakuridhika. Alipiga magoti, akaingiza kichwa chini ya meza katikati ya nyaya na vumbi, akaweka sikio kwenye spika.

Mtu alikohoa. Kisha, kwa Kihangaza, lugha ya kwao, ikaja sauti aliyoitamani mchana na usiku.

"Umeizima hiyo mashine yako?"

"Nimeizima, Baba," ilijibu sauti yake mwenyewe, ya miaka ile. "Imba."

Nyuzi zikalia. Mnong'ono ukaanza. Irine alibaki chini ya meza hadi wimbo ulipokwisha, akaurudia, akalia kwa furaha na kwa uchungu, vumbi likimganda usoni. Alitambua kwamba baba yake alikuwa ameshamfikia siku nyingi, na yeye ndiye aliyemfunika kwa kelele za kumtafuta.

Jumamosi ya kumaliza msiba ilipofika, ua wa Mbuba ulijaa ndugu na majirani. Pombe ya ndizi ilikuwa tayari, katekista alikwisha kuongoza sala, na inanga ililazwa mkekani nyuzi zikiwa bado zimelegea. Alfonce, kwa kutaka dada yake asifiwe, alikuwa amekodi spika mbili kubwa zenye jenereta.

"Watu wote wasikie," alisema, akaiunganisha simu ya Irine.

Jenereta lilinguruma, spika zikatoa mvumo mzito kama wa mvua juu ya bati. Watu walitazamana. Alfonce aliongeza sauti, mvumo ukazidi. Mzee mmoja wa ukoo aliguna kwamba basi, wimbo umekwenda na mwenyewe. Bi Domisiana alikuwa ameketi mkekani, ameufunika mdomo wake kwa upindo wa kitenge. Irine aliona mabega ya mama yake yakianza kushuka, akaruka.

"Kaka, zima hilo. Zima na jenereta!"

"Hawatasikia wa nyuma!"

"Wa nyuma wasogee."

Ukimya ulipoingia, Irine aliiweka simu juu ya inanga yenyewe, kwenye tumbo lake la ubao, akaubonyeza wimbo. Bi Domisiana alipiga magoti. Alishika ardhi kwa viganja viwili, akainama mpaka kilemba chake kikagusa nyuzi.

"Umeizima hiyo mashine yako?" Mzee Frednand aliuliza.

Mjane akasikiliza, macho ameyafumba, midomo ikijaribu. Waliokuwa karibu walimwona akitabasamu, wakapiga magoti nao ili wajue anachokisikia. Waliowafuata wakainama juu ya migongo ya wenzao, hata yule mzee aliyeguna, hata Alfonce, mpaka ua mzima ukawa umeinamia ubao mmoja na hakuna aliyebaki wima. Katika ubeti wa mwisho mnong'ono ulikuwa wa watu wawili. Mmoja alitoka kwenye simu, na mwingine alikuwa Bi Domisiana, aliyekikamata kipande chake kilichokuwa kikimponyoka kila asubuhi. Sauti ya mumewe ilipofika mwisho ikanyamaza, yake iliendelea peke yake, ikaurudia wimbo tangu mwanzo bila kukosea.

Alfonce, ambaye ndiye mrithi, alizikaza nyuzi huku akilia. Irine, paji la uso likiwa bado na udongo wa ua wa baba yake, aliinua kichwa polepole, akamtazama mama yake akiimba, na kwa mara ya kwanza akajua kwamba ameitii ile methali aliyoiandikia insha darasa la tano: mtaka cha mvunguni sharti ainame.